Maziwa Baada ya Vumbi

Jumatatu, 3 Februari

Kikohozi asubuhi, kikavu. Mchana kikavu. Jioni kimelainika kidogo.

Muuguzi ndiye aliyesema niandike. Tarehe na kikohozi kilivyokuwa, basi. Nimechukua daftari la vipimo vya kazi, nimeligeuza, nimeanzia nyuma. Najua sitaishia kwenye kikohozi. Mdomoni mimi si msemaji, ila nikishika kalamu sijui kunyamaza.

Leo tumepanda kwa Mama Elisia, mjane, juu ya Tengeru. Kaburi la mumewe. Terazo tulimwaga wiki iliyopita na imekauka vizuri. Kilichobaki ni kuisaga mpaka kokoto za marumaru zitokeze, kupiga polishi, na kupachika jiwe la graniti lenye jina lake. Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi ya tarehe 22, mwaka mmoja tangu azikwe. Ukoo mzima unakuja, na mchungaji. Wajukuu ndio watakaofunua kitambaa. Lisipong'aa siku hiyo, jina langu limekwisha huku Meru.

Kutoka barabarani mpaka migombani kwake ni dakika kumi za mlima. Nimesimama mara tatu. Godi alibeba grinda mbili, waya na ndoo, na hakusimama hata mara moja. Godi ni Godlisten, mdogo wake mke wangu. Alikuja kwangu kutoka Marangu miaka sita iliyopita, hajui hata kushika msasa. Sasa mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Ana ishirini na tisa. Mimi nina arobaini na saba tu, jamani, huo si uzee.

Jumatano, 5 Februari

Tumesaga kutwa. Kavu.

Diski ya almasi inataka maji, hilo kila fundi analijua. Maji yanapooza diski na vumbi linakuwa tope. Lakini maji ya mfereji huku juu ni ya zamu. Zamu ya Mama Elisia ni Alhamisi peke yake, na ni kwa ajili ya maharage yake. Bomba halijatoa kitu tangu Krismasi. Sikuthubutu kuomba. Isitoshe, kavu ni haraka zaidi, unaona unachokifanya. Nimesema hivyo miaka kumi na tisa.

Mpaka saa tisa majani ya migomba yalikuwa meupe. Godi alikuwa mweupe mpaka kope. Fulana imefungwa puani, ndiyo kinga yake. Mimi pia.

Tulipozima mashine Mama Elisia akatuletea maziwa, kikombe kikubwa kila mmoja. Hatukuomba. Huku kila mtu anajua fundi wa mawe lazima anywe maziwa, ati yanaosha kifua. Marehemu Fundi Isaya aliyenifundisha kazi hakuwa anawasha grinda kabla hajaona nusu lita imewekwa kivulini. Nami nikamfundisha Godi vilevile. Hilo ndilo somo la kwanza nililompa: maziwa baada ya vumbi.

Jioni mke wangu, Mama Neema, amekung'uta suruali yangu uani. Wingu limemfunika usoni. Akakohoa, akacheka.

Ijumaa, 7 Februari

Kikohozi kibaya alfajiri. Nimepeleka makohozi hospitali kwenye kikopo.

Mama Neema amenitengea kikombe na sahani tangu wiki iliyopita. Anadhani ni TB. Halali upande wangu, analala na Neema. Simlaumu, mtoto ana miaka tisa.

Nilimuuliza muuguzi ikiwa ni TB itakuwaje. Dawa miezi sita, bure, unapona. Nikamuuliza isipokuwa TB. Akaniangalia mikono, kucha zangu hizi nyeupe. Akauliza kazi yangu. Kisha akasema tusubiri majibu, na namna alivyosema sikuipenda. Nilimbana. Akasema basi kuna kifua cha vumbi la mawe, nacho hakina dawa.

Njia nzima ya kurudi nimeomba Mungu. Nimeomba iwe TB. Mtu mzima, mzee wa kwaya, naomba TB.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Naimba besi tangu sijaoa. Leo kwenye wimbo wa pili pumzi imekata katikati ya mstari. Nikafungua mdomo tu, nikawaacha wenzangu wamalizie. Mwalimu wa kwaya alinitazama mara moja, akatazama karatasi. Ni muungwana. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 11 Februari

Siyo TB.

Mama Neema alipiga magoti palepale kwenye korido akashukuru. Njiani alikuwa anaimba. Amenunua kuku Tengeru, amepika na ndizi, kikombe changu amekirudisha kabatini pamoja na vingine. Leo anarudi kulala chumbani. Neema amenikalia mapajani mpaka amesinzia.

Nimekula. Kuku alikuwa mtamu. Sijamwambia alichosema muuguzi. Nimeshindwa kabisa, alikuwa na furaha mno. Ijumaa napigwa picha ya kifua.

Ijumaa, 14 Februari

Daktari ni kijana, mpole. Aliweka picha kwenye mwanga. Akauliza: "Ulishawahi kufanya kazi migodini?"

Nikamwambia hapana. Makaburini.

Alidhani namtania. Nikamweleza: makaburi ya terazo, sakafu, meza za jikoni za graniti. Miaka kumi na tisa. Maji? Mara chache. Barakoa? Fulana. Akatikisa kichwa. Akanionyesha madoa meupe, mengi, pande zote mbili. Vumbi lile laini kabisa, lile usiloliona, ndilo linalofika chini na kukaa. Mapafu yanaota makovu. Makovu hayaondoki. Hata nikiacha leo yanaweza kuendelea yenyewe.

Nikamwambia nakunywa maziwa kila siku ya kazi.

Hakucheka, na hilo limenikaa. Alisema, "Mzee, maziwa yanaingia tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Ni njia mbili, hazikutani."

Yaani ni jambo la mtoto wa darasa la nne. Neema wangu angeweza kuniambia. Miaka kumi na tisa sikuwahi kulifikiria. Fundi Isaya alikufa na hamsini na moja, amekauka, anahema kwa mabega. Watu walisema karogwa na fundi mwenzake. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa msibani.

Daktari kaandika mambo kwenye karatasi. Niache kusaga. Wanaoendelea wasage kwa maji, wavae barakoa yenye chujio inayobana uso, wasifagie vumbi kavu, wasirudi nyumbani na nguo za kazi. Na akasema yeyote niliyefanya naye kazi aje kupigwa picha. Nikamwambia yuko mmoja.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwambia Mama Neema. Alikaa kwenye kigoda. Kisha akauliza swali moja tu: "Na Godi?"

Hakuniuliza juu yangu. Nimeumia, halafu nimeona aibu kwa kuumia. Mimi ameshaniona nilipo. Mdogo wake alimleta yeye kwangu, kwa mkono wake, akamwambia shemeji yako atakufundisha kazi.

Kikohozi siandiki tena, kipo tu.

Jumapili, 16 Februari

Godi alikuja mchana. Nimemweleza yote, nimemwonyesha karatasi. Amesikiliza kwa adabu, ni kijana mwenye adabu. Amesikitika kweli, machozi yalimlengalenga. Kisha akasema mimi nilizidisha kwa sababu siku nyingine nilikuwa nasahau maziwa. Nimemwambia maziwa ni uongo. Akasema sawa shemeji, kwa ile sauti ya kumkubalia mgonjwa.

Nikamwambia kesho twende hospitali, mapema, nampeleka mwenyewe. Akainamisha kichwa.

"Nikipiga picha wakaniambia ninalo, nitafanya nini, shemeji? Bora nisijue."

Nimekaa na swali lake hilo tangu mchana.

Jumatatu, 17 Februari

Kwa Mama Elisia. Nimekwenda kuangalia tu, nimekaa mbali, upande ambao upepo unatoka. Kupanda nimesimama mara tano.

Nilimnunulia Godi barakoa mjini, ya mpira, yenye chujio mbili. Haikumbana. Ndevu zake zinaacha nafasi, vumbi linapita pembeni. Nimemwambia anyoe. Anaoa Agosti, hanyoi. Alivaa saa moja hivi, miwani ya kazi ikajaa ukungu, jasho likamwingia machoni, akaitundika kwenye mgomba.

Saa tano diski ikapasuka. Alikuwa ametoa gadi, ile kinga ya diski, ili afike kwenye kona chini ya msalaba. Nimemkataza hilo tangu mwaka wa kwanza. Kipande kilimpita shavuni kikazama kwenye mgomba, kina cha kidole. Alikaa chini. Alipoinuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta gadi kwenye sanduku na kuifunga mpaka mwisho. Hata sikumwambia. Akakagua diski nyingine zote kama zina ufa, moja moja, akizielekeza juani.

Kisha akawasha mashine, akaendelea kusaga kavu, barakoa iko palepale mgombani.

Nimekasirika mpaka mikono ikaniuma. Kipande cha diski anakiogopa kwa sababu amekiona. Hili lingine, vumbi lisiloonekana, nimpigie kelele vipi? Mimi mwenyewe halikunitisha.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwomba Mama Elisia maji. Shikamoo mama, marahaba, nimezunguka weee, mwisho nimesema. Zamu yake yote ya Alhamisi. Nusu haitoshi, tuna kusaga kwa mwisho na pedi zote za polishi kuanzia ngumu mpaka laini, na jiwe la graniti lenyewe.

Maharage yake yametoa maua. Akikosa wiki hii yanakauka, na wiki ijayo ni mbali. Alitazama shamba. Akauliza kama ni kwa ajili ya kaburi. Ningeweza kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. Nikasema hapana mama, ni kwa ajili ya kifua cha yule kijana. Changu kimeshakwisha.

Akasema marehemu mumewe alikuwa mwalimu na vumbi la chaki lilimsumbua vilevile. Akasema chukueni.

Sijapata kuguswa hivyo siku nyingi. Nimemwambia Godi kwa simu: kesho usiguse kitu, pumzika. Alhamisi tunasaga kwa maji, mimi namwaga kwa jagi, wewe unasaga. Waya tunauning'iniza juu ya migomba usiguse maji. Akasema sawa shemeji.

Nalala na tumaini kidogo. Naliandika hapa lisije likapotea.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefika saa mbili na nusu, pumzi imenichelewesha; zamu huanza alfajiri na kuisha saa tatu. Maji yameshafunguliwa. Mama Elisia alikuwa ameyaelekeza kwa jembe mpaka kaburini, kijito kidogo kinazunguka pande nne.

Kaburi limeisha. Limesagwa, limepigwa polishi, graniti imepachikwa, jina linasomeka. Linang'aa unaweza kunyolea. Godi alikuja jana peke yake akamaliza yote. Kavu.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo, ananisubiri, anatabasamu. Alidhani nitafurahi. Alisema hakutaka mgonjwa apande mlima kumwaga maji, wala mama wa watu apoteze maharage kwa ajili yake. Amefanya kwa upendo. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mkaidi ningempiga makofi.

Mama Elisia jana alikuwa sokoni Tengeru. Hakumsikia, na leo alfajiri gizani hakuona kuwa limeisha.

Nikamwambia akimbie akaelekeze maji shambani. Alikwenda mbio. Lakini zamu ilikuwa imebaki dakika chache, mwenye zamu ya pili alishafika na jembe lake begani. Mistari miwili ya maharage tu ndiyo iliyopata. Maji mengine yalikuwa yameshanywewa na migomba.

Mama Elisia alituletea maziwa. Godi alikunywa kikombe chake, na cha kwangu nilipokiacha.

Jumamosi, 22 Februari

Ibada. Watu wengi, hema mbili, magari mpaka barabarani. Wajukuu walifunua kitambaa na watu wakasema aaah. Lilionyesha mawingu. Mchungaji alilisifu kabla hata hajalisifu neno la Mungu.

Kwaya yetu iliimba. Nilisimama nao, nguo ile ile, mdomo nafungua na kufunga.

Godi alikuwa amevaa suti ya kuazima. Wazee wamempa mkono. Wanne wamechukua namba yake ya simu, mmoja ana nyumba mpya Kisongo, anataka meza za jikoni za graniti. Nilimwona anavyotabasamu. Kazi hiyo mimi ndiye niliyempa, kila sehemu yake.

Mama Elisia alipitisha kiganja juu ya terazo, taratibu, kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikatazama kwingine.

Jumanne, 25 Februari

Godi yuko Kisongo. Jikoni, ndani ya nyumba. Nimempigia simu mchana. Akasema upepo wa huko ni mkali, unapeleka vumbi sebuleni kwenye makochi mapya, kwa hiyo mwenye nyumba ameomba wafunge madirisha.

Wamefunga.

Nimemwambia atoke, asagie nje. Nimemwambia ndoo moja ya maji inatosha kwa meza moja. Nimemwambia hata chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Sawa shemeji. Alikata simu vibaya, ikabaki wazi, nikasikia akiwasha. Mlio wa maji ni mzito, unanguruma. Wa kavu unalia juu. Nilisikiliza mpaka vocha yangu ikaisha.

Mama Neema aliniuliza anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri.

Ijumaa, 28 Februari

Mama Neema amekwenda mwenyewe Kisongo. Amemlilia mdogo wake, hadharani, mbele ya mwenye nyumba. Amerudi jioni na vumbi mabegani. Godi alimkumbatia, akamwahidi. Mama Neema alipofika getini akiondoka, alisikia mashine.

Hajala. Mimi pia. Neema amekula peke yake, akaosha vyombo bila kuambiwa.

Daktari hana la kuongeza. Nimepewa dawa ya kuvuta na tarehe ya kurudi. Grinda yangu nimeifuta, nimeifunga gadi, nimeiweka chini ya kitanda. Simpi mtu na siiuzi.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekaa barazani. Mawingu yamefunika mlima, labda mvua itawahi mwaka huu. Bomba litatoa maji.

Saa saba nilimwona Godi akipanda kutoka barabarani. Mkono mmoja sanduku la kazi, mwingine kidumu. Penye mparachichi wa jirani akasimama. Akaweka sanduku chini, akashika kiuno. Kisha akapanda tena. Alipofika nikamuuliza mbona umesimama. Akasema alikuwa anaangalia simu.

Mkono mmoja ulikuwa na kidumu, mwingine kiunoni; simu sikuiona.

Kidumu kilikuwa cha maziwa. Lita mbili, ya asubuhi, kutoka kwa Mama Elisia. Alipita kwake kumsalimia na kumpalilia yale maharage yaliyobaki. Mama Neema akaleta vikombe. Godi akanimiminia kwanza, mpaka juu, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji. Ulikuwa unayasahau tu."

Nimekunywa. Yalikuwa mazuri, mazito, bado na joto. Naye akanywa. Tumekaa hapo tukitazama mawingu mpaka matone ya kwanza yakaanguka.

Kikohozi changu: asubuhi, mchana, jioni.

Cha Godi: mara mbili. Kikavu.